Miti ya Uani na Haki ya Jirani

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Karatu)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya viwanja vya nyumba zetu, na juu ya miti, nyua na maua tunayoyapanda humo. Najua baadhi yenu mnajiuliza: ya nini Chama Kikuu kutumia saa nzima kwa habari za bustani, wakati bei ya kahawa haijatulia na pembejeo zachelewa? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba miongoni mwa barua zinazofika ofisini kutoka vyama vya msingi, zile za mizani na malipo twazitarajia. Lakini ziko nyingine, nazo zinazidi, ambazo chanzo chake ni mti. Mwanachama amepanda mikaratusi mpakani. Jirani yake, naye ni mwanachama, alalamika kwamba maharage yake hayazai hatua kumi kutoka mpaka huo. Wote wawili wameacha kuhudhuria mikutano, kwa kuwa kila mmoja hataki kuketi alipo mwenziwe. Chama kimepoteza watu wawili pamoja na kilo zao za kahawa, na hakuna aliyeiba hata senti moja.

Kwa hiyo sitazungumza juu ya urembo. Nataka tuangalie jambo moja tu: mti hupandwa uani mwa mtu mmoja, lakini kivuli chake, mizizi yake, mbegu zake na maji unayoyanywa havijui ua uko wapi. Sheria za miji na vijiji juu ya makazi zimetungwa kwa sababu hiyo. Nasi watu wa Karatu na Ngorongoro tuna sababu ya ziada ya kuzifahamu, maana tunakaa mlangoni pa hifadhi.

Yafaa kwanza tukumbuke miti yetu ilikotoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuihifadhi ardhi ya Mbulu, ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake hadi wilaya hii ilipomegwa katika miaka ya 1990. Mifugo ilipunguzwa kwa amri. Vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, na watu waliosongamana katika milima ya kusini wakapata nafasi ya kusogea kaskazini. Huko Kainam, walikotoka wazee wa wengi wenu, Wairaqw walikuwa na ujuzi wa siku nyingi wa kulima miteremko mikali bila kuiacha ioshwe na mvua: matuta, samadi na mifereji ya kuyaongoza maji. Walipofika Karatu na Mbulumbulu wakakuta ardhi pana zaidi, wakailima kwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na baada ya muda kwa matrekta ya ngano. Kule Oldeani, kati ya vita kuu mbili, walowezi wa Kijerumani na wa Kiingereza walikuwa wamekwisha fungua mashamba ya kahawa. Kahawa nayo yataka kivuli, na mgrevilea, mti wa Australia, ukawa mti wa kivuli uliopendwa kuliko yote.

Maana yake ni kwamba mti ulio uani mwa mtu wa Karatu aghalabu ni mti uliopandwa kwa mkono, wala haukubakia tangu msitu wa zamani. Tena una historia ya amri nyuma yake. Wazee waliamriwa wafyeke. Watoto wao wakaamriwa wapande, na wapo kati yenu waliosimamishwa mstarini shuleni, kila mmoja na mche wake mkononi. Sasa wajukuu wanaambiwa wang'oe baadhi ya ile iliyopandwa. Msiwashangae wanachama wakiitikia wito mpya kwa mwendo wa polepole. Mtu aliyekwisha pokea amri tatu zinazopingana ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kuitii ya nne.

Sasa tutazame sheria, na tuanze na ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatuambia kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, nayo iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mimi na wewe tuna haki ya kuitumia, iwe kwa hati ya mjini au kwa hakimiliki ya kimila kijijini. Haki hiyo ni nzito, inarithiwa, na inalindwa na mahakama. Lakini ni haki inayokwenda na masharti, na hapo ndipo wanachama wengi hukosea. Husikia neno “kiwanja changu” wakadhani kwamba ndani ya ua hakuna mwenye neno isipokuwa wao.

Kwa wenzetu wa mji mdogo wa Karatu, makazi yanapangwa chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Mjini, mti na mazao huangaliwa kwa jicho tofauti na la kijijini. Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992, mathalan, ziliweka mpaka kwamba mtu mmoja asilime zaidi ya ekari tatu ndani ya eneo la mji, na baadhi ya halmashauri za miji yetu mikubwa zilikwenda mbali zaidi zikakataza mazao marefu kama mahindi karibu na nyumba. Mimi binafsi sioni aibu ya mahindi nyuma ya nyumba, kwa kuwa yamewalisha watoto wengi wa watumishi wenye mishahara midogo. Lakini mwanachama anayenunua kiwanja mjini na aulize kwanza masharti ya kiwanja hicho, asije akapanda mgomba leo na kesho akaandikiwa barua.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi ni barabara. Tangu lami ilipofika kutoka Makuyuni hadi lango la hifadhi, kila mtu anataka nyumba au duka linalotazama barabara, na mbele yake apande maua na miti ya kuvutia wageni. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mtamkumbuka mtu wa kupaka alama za X. Ile nyekundu ilimaanisha kwamba mwenye mali yumo ndani ya hifadhi ya zamani na hana madai. Ile ya kijani ilimaanisha kwamba sheria mpya ndiyo iliyomfuata alipo, naye anastahili fidia. Mti uliopandwa leo ndani ya mita hizo thelathini hautakuwa na rangi yoyote ya kuutetea. Mpande maua ya msimu hapo mkipenda, ila mparachichi wa kuwasomeshea watoto mwuweke nyuma ya nyumba.

Halafu kuna maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kwa asili yake kudhuru mazingira, ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita sitini ni nyingi kuliko zinavyosikika. Simama kwenye kijito, kisha panda mteremko ukihesabu hatua themanini za mtu mzima, hapo umefika. Katika mabonde yetu membamba ya Rhotia na Mbulumbulu, hatua hizo themanini zaweza kumeza ua mzima pamoja na zizi. Nawasihi makatibu mzipime kwanza kwenye viwanja vya vyama vyenyewe. Mitambo yetu ya kumenya kahawa imejengwa karibu na maji kwa sababu haina budi kupata maji, na kandokando ya mingi ya mitambo hiyo pamepandwa mikaratusi ya kuni na nguzo. Katibu hawezi kwenda kumhubiria mwanachama juu ya kijito ikiwa ua wa chama ndio wa kwanza kukiuka.

Ndugu wanachama, kuna mahali ambapo sheria ya miti hubadilika ghafla kama mtu anayevuka kizingiti. Ukipanda kutoka Karatu mjini unafika lango la Lodoare. Upande wa chini wa lango, mtu aliyepanda miti mia moja husifiwa mkutanoni. Upande wa juu, mti wa kigeni haukaribishwi hata kama ni mmoja, na hata kama umepandwa mbele ya hoteli ili kumfurahisha mgeni.

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, lilipotengwa na Serengeti ili wafugaji waendelee kuishi humo pamoja na wanyama pori. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku ndani ya eneo hilo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu John Malecela, aliruhusu vishamba vidogo vya chakula, maana njaa ilikuwa imewabana watu. Mwaka 2009 ruhusa hiyo ikaondolewa. Fikirini basi mama wa Endulen au Nainokanoka. Kishamba cha mahindi na viazi nyuma ya nyumba yake kilikuwa kosa, kikawa halali, kisha kikawa kosa tena, na udongo ni uleule na mikono ni ileile. Tangu mwaka 2022 baadhi ya kaya zimehamia Msomera, wilayani Handeni, ambako wameanza ua mpya katika nchi yenye joto na mvua ya namna nyingine. Sikuja hapa kuamua mashauri hayo makubwa. Nayataja kwa sababu sisi wa upande wa chini hupenda kunung'unika juu ya sheria za ua, tukasahau kwamba jirani zetu wa upande wa juu hawana ruhusa ya kuotesha hata tuta la sukuma la chakula chao.

Mnaweza kuuliza, ukali huo ni wa nini? Sehemu ya jibu iko katika mabomba yetu. Msitu wa nyanda za juu kaskazini, ule unaoizunguka Ngorongoro na Oldeani kwa upande wetu, ndio unaokamata mawingu na kuyafanya kuwa maji. Chemchemi na vijito vya Karatu vinatokana na milima hiyo; baadhi ya maji hushuka kwenda Ziwa Manyara, mengine kwenda Ziwa Eyasi. Vitunguu vya Mang'ola, vinavyouzwa hadi Nairobi, hunyweshwa kwa maji yanayotokea chini ya milima hiyo hiyo. Mtu wa Mang'ola hajawahi kuuona mti wa Oldeani kwa karibu, lakini anakula kwa hisani yake.

Sasa, mimea inayousumbua msitu huo na nyika za hifadhi haikushuka kutoka mbinguni. Mingi ililetwa na watu, tena kwa nia njema. Lantana, ile yenye vishada vya maua ya manjano na mekundu, asili yake ni Amerika, na ilipandwa kama ua la kupendeza na ua wa kuzuia mifugo. Ndege hula matunda yake wakaenda kudondosha mbegu mbali. Ng'ombe akiila hupata sumu, na ngozi yake huungua juani. Ule mmea wa kutambaa wenye miiba iliyopinda kama ndoana na mikungu ya maua ya manjano ulitoka Asia, nao ulipandwa kama boma la miiba. Mwati, ambao magome yake hutumika kutengenezea ngozi, ulitoka Australia. Mbegu zake huweza kukaa ardhini miaka mingi sana, na moto ukipita badala ya kuziua huziamsha. Ndani ya kreta yenyewe umeonekana mmea mfupi wa miiba wenye maua ya manjano, asili yake ni Meksiko. Na gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, lilithibitishwa kuwapo Arusha mwaka 2010. Hilo huwasha ngozi, huziba kifua, na hupenda kingo za barabara. Barabara ya Arusha na ya Ngorongoro, mnajua, ni moja.

Kwa hiyo mwanachama wa Lositete au Oldeani aliye mpakani mwa msitu, anapopanda boma la lantana kwa sababu linachanua vizuri, anapanda pia ndani ya msitu ingawa mguu wake haujaingia humo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Nitatoa mfano wa Kenya, kwa sababu pale jambo hili lilifika mahakamani. Katika miaka ya 1980, huko Baringo, ulipandwa mti wa jamii ya migunga kutoka Amerika ili kuipa nchi kame kuni na kivuli. Wenyeji wakauita mathenge. Mti ulistawi kupita matumaini ya wote. Ukafunga njia za mifugo, ukaziba malisho kandokando ya ziwa, na maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno hata wakashindwa kula. Mwaka 2006 wananchi waliishtaki serikali, na mahakamani wakapeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watu wengi walicheka waliposoma habari hiyo gazetini. Mfugaji aliyepoteza kundi hakucheka. Yeye hakuupanda mti huo, lakini gharama ilikuwa yake.

Sasa nije kwa mkaratusi, maana najua ndio mnaousubiri. (Na kwa wale wanaouliza kila mara: jina la mti halikutokana na mji wetu, limetoka ughaibuni pamoja na mti wenyewe.)

Sitausema mkaratusi kama mchawi. Mji wa Addis Ababa ulikuwa karibu kuhamwa kwa kukosa kuni, mpaka mti huu ulipoletwa kutoka Australia zama za Mfalme Menelik, mwishoni mwa karne ya 19. Na mpaka leo milima inayouzunguka mji huo ina mikaratusi. Hapa kwetu nguzo za mkaratusi zimejenga nyumba, zimelipa ada za sekondari, zimemzika mtu asiye na akiba. Hunywa maji mengi kwa sababu hukua haraka. Mti unaotoa nguzo kwa miaka michache hauwezi kukua kwa umande. Ukiwa juu ya kilima chenye mawe, mbali na kijito na mbali na shamba la jirani, mkaratusi ni akiba ya benki. Ukiwa kwenye chemchemi, mwenye mti anatoa fedha katika akaunti ya watu wote wa chini yake.

Hivyo ninaafiki kwamba mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji iondoke. Kenya walichukua hatua kali mwaka 2009, pale waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, alipoagiza ing'olewe kandokando ya mito na katika ardhi oevu. Lakini siafiki namna moja ya utekelezaji inayopendwa sana na viongozi wenye haraka, yaani kumwendea mwananchi asubuhi na msumeno na jioni kumwachia visiki. Mtu huyo alipanda alipohimizwa kupanda. Kama mti una miaka minne, na nguzo hukatwa ukiwa na sita au saba, basi apewe muda wa kuvuna kisha asiruhusu machipukizi. Hapo panahitaji usimamizi, kwa maana kisiki cha mkaratusi hakikubali kufa. Huchipua, na baada ya miaka mitatu mna msitu mwingine. Ni lazima kisiki kichimbuliwe, au kimenywe gome lake mpaka chini ya udongo na machipukizi yang'olewe kila yatokeapo. Na akikata apewe mche wa kuweka mahali pake. Chama kinachoweza kukopesha mbolea kinaweza kukopesha miche.

Kwa mwenye kutaka kusafirisha mbao au nguzo zake nje ya kijiji, katibu amkumbushe habari ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Wanachama wamenyang'anywa mzigo njiani kwa mti walioupanda wenyewe, na hasira yao yote wakairudisha chamani.

Apande nini badala yake? Hapa nawaonya juu ya kosa jingine, la kuamrisha aina moja ya mti kwa wilaya nzima. Mlusina ulisifiwa kila mahali kuwa mti wa malisho na mbolea. Mwaka 1992 kidudu kidogo kinachofyonza majani yake kikafika Afrika Mashariki na kuuharibu vibaya. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, kidudu kingine cha namna hiyo kilishambulia misaipresi kuanzia Malawi hadi Kenya, na nyua zilizokatwa vizuri zikageuka rangi ya kutu. Katika Karatu ya leo mtu akisimama mlimani akatazama chini, miti mingi anayoiona ni migrevilea. Ni mti mzuri sana. Siku utakapopata ugonjwa wake, tutabaki na nini?

Tuchanganye, basi. Mringaringa ni wa nchi hii, hupendwa na nyuki, huipa kahawa kivuli, na mbao zake zina bei. Mparachichi unaufaa udongo wetu mwekundu wa juu, na soko lake mnalijua. Mikuyu iliyo kwenye chemchemi iachwe kama wazee walivyoiacha. Kwenye kingo za matuta tuweke mabingobingo, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe wa zizini. Kwa ua wa mpakani mkonge wa zamani bado unafanya kazi yake bila kumdai mtu maji. Kwa wenzetu wa Mang'ola na Baray, nchi ya joto, ni mwarobaini na mwembe, na migunga iliyoota yenyewe isifyekwe yote. Tena mnao mfano wa Wachaga katika kihamba, ambako migomba, kahawa na miti mirefu huishi ghorofa kwa ghorofa katika ua mmoja. Hawakuyasoma hayo katika kanuni yoyote ya mji.

Kabla sijafika kwenye kazi ya makatibu, neno moja juu ya saruji. Umeingia mtindo mjini wa kusakafia ua wote kwa vitofali ili pasiwe na tope. Nyumba hupendeza. Lakini mvua iliyokuwa ikizama mahali pale sasa hutoka kwa pamoja langoni, ikamwangukia aliye chini, ikachimba kichochoro, na kichochoro kikawa korongo. Udongo wetu mwekundu hauvumilii maji ya mbio, na makorongo mnayoyaona kuelekea Endabash yanatosha kuwafundisha. Mwenye kusakafia aache ukanda wa nyasi na shimo la kupokea maji, au ayakusanye tangini. Hapo ndipo ninapotamani halmashauri ziwe kali kuliko kwenye mahindi.

Sasa kazi yenu. Chama cha ushirika hakitungi sheria ya ardhi, na katibu asijifanye hakimu wa miti. Lakini kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa Manchester mwaka 1995, inatutaka tuijali jamii tunamokaa, na wanachama wa chama ndio haohao wajumbe wa kijiji. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano wa kijiji hujadili, kisha rasimu hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo ni karatasi tu, na faini iliyotozwa kwa karatasi hiyo yaweza kudaiwa irudishwe. Nimeona rasimu zilizonakiliwa kutoka wilaya nyingine zikitaja miti isiyoota hapa. Andikeni za kwenu: mkaratusi ukae umbali gani na mpaka, nani apime hatua kutoka kijitoni, mwenye miti ya zamani apewe misimu mingapi, lantana ing'olewe kabla ya kuzaa mbegu. Mambo manne yaliyokubaliwa na watu yatadumu kuliko ishirini yaliyosomwa kwao. Sisi wa ushirika tunalijua hilo kwa uchungu. Vyama vyetu vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, vilivyosimama haraka ni vile ambavyo wanachama wenyewe walikuwa bado wanavitaka.

Ugomvi ukitokea, na utatokea, njia ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Katibu aweza kwenda kama shahidi wa alichokiona, si kama wakili wa upande wenye kahawa nyingi. Na wale wanachama wawili niliowataja mwanzo, wazee wa baraza waliwapatanisha hivi: safu mbili za mikaratusi zilizo karibu na mpaka zikatwe nguzo zikikomaa, jirani asaidie kuchimbua visiki, naye apate theluthi ya kuni. Wa kwanza amekwisha rudi mikutanoni. Wa pili bado.

Kwa vyama vyote, naomba mambo mawili kabla ya mkutano ujao. Kila katibu apime mita sitini kwenye kiwanja cha chama chake, mtamboni na ghalani, aandike ni miti gani imo na ina umri gani, aje na karatasi hiyo. Pili, kila chama kilete hesabu ya miche ambayo wanachama wanaitaka, kwa aina zake. Mbegu za miti zisipoingia vitaluni Septemba na Oktoba, miche haitakuwa na kimo cha kupandwa masika, na tutakuwa tumepoteza mwaka mzima. Fomu ziko mezani kwa karani. Wanaotoka mbali kama Mang'ola na Baray wachukue zao sasa hivi kabla ya basi kuondoka.